Kulipwa kumeruhusiwa Marekani, visa ya mwanafunzi haijabadilika

Ofisi inatoa maelezo haya kutokana na malalamiko ya wazazi na makocha wa Arusha, Moshi, Karatu na Mbulu, ambayo yamekuwa yakiongezeka. Mengi yanafanana. Kijana amepata ufadhili wa riadha katika chuo cha Marekani, mtu akamwambia baba yake kwamba siku hizi wanamichezo wa vyuo wanalipwa mamilioni, na miezi inapita bila hela kutumwa nyumbani. Wengine wanafika wakiuliza nani kazila. Kwa kawaida hakuna aliyezila. Hazikuwepo.

Habari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya huko. Kuanzia 1 Julai 2025, chuo cha Daraja la Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) kilichoingia katika utaratibu huo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo 2025/26. Waliocheza tangu 2016 watagawana fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa miaka kumi. Na tangu Julai 2021 mwanamichezo alikwisha kuruhusiwa kuuza jina na sura yake kwa watu wa nje ya chuo: kutangaza viatu, kusaini mipira, kulipwa kwa video ya mtandaoni. Malipo ya namna hii ndiyo yanayoitwa NIL.

Je, ni haki walipwe? Kwa mpira wa Kimarekani na kikapu cha wanaume, ndiyo. Mkataba wa televisheni wa mashindano ya kikapu ya kila Machi una thamani ya dola bilioni 8.8 kwa miaka minane kuanzia 2025, na haiingii akilini kocha alipwe mamilioni huku anayeruka kufunga akipewa ada, chakula na kitanda. Hasheem Thabeet alikichezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009 bila mshahara. Hela zilianza alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009. Wanaomtaja Thabeet kama ushahidi kwamba "vyuo vinalipa" wanachanganya chuo na NBA, na hili tumelieleza mara nyingi mno.

Riadha haimo kwenye hesabu hiyo. Vyuo vingi vimefuata mgao unaokaribia huu: asilimia 75 mpira wa Kimarekani, 15 kikapu cha wanaume, 5 kikapu cha wanawake, na 5 kwa michezo mingine yote. Asilimia 5 ya milioni 20.5 ni kama dola milioni moja, na hapo wanasubiri waogeleaji, wacheza tenisi, gofu, voliboli na wakimbiaji. Mkimbiaji wa mita 5,000 kutoka Mbulu yuko mwisho wa foleni hiyo.

Anachopata ni ufadhili, na hata huo umebadilika. Zamani chuo kilikuwa na ukomo wa ufadhili kamili 12.6 kwa timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika, na 18 kwa wanawake, na kocha aliukatakata vipande: huyu nusu, yule robo. Vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano sasa vina ukomo wa idadi ya watu kikosini, 45 riadha na 17 mbio za nyika. Chuo kikiwa na uwezo kinaweza kuwafadhili wote 45 kikamilifu. Wa 46 anaachwa hata akisema atajilipia. Kwa hiyo unapoambiwa "amepata ufadhili", uliza ni asilimia ngapi, ni wa mwaka mmoja au zaidi, na unagharamia nini: ada, malazi, chakula, vitabu, bima. Kama ni wa mwaka mmoja, chuo kinatakiwa kumjulisha kufikia 1 Julai iwapo kinauendeleza. Ndani ya muda wa ufadhili hakiruhusiwi kuukata kwa sababu kijana ameumia au muda wake wa kukimbia umeshuka. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Daraja la Kwanza vinatakiwa pia kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo hadi angalau miaka miwili baada ya kuondoka. Hili wazazi hawaulizi kabisa, wakati goti la mkimbiaji ni ghali kuliko viatu vyake.

Tuje kwenye visa. Mwanafunzi wa kigeni anaingia kwa visa ya F-1. Visa hiyo inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali maalumu. NCAA haitoi visa, na jaji wa kesi ya House hakugusa sheria ya uhamiaji. Kutengeneza tangazo, kuhudhuria hafla ya mfadhili au kufundisha watoto mbio kwa malipo ukiwa kwenye ardhi ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi isiyo na kibali. Hata malipo ya moja kwa moja kutoka chuoni yana utata huohuo, na ndiyo maana vyuo vingi vinasita kuwapa wanafunzi wa kigeni. Oscar Tshiebwe wa Kongo, aliyekuwa nyota wa kikapu wa chuo cha Kentucky, alisubiri timu iende Bahamas Agosti 2022 ndipo afanye shughuli zake za matangazo. Ukisikia mwenzako "analipwa tu na hakuna shida", elewa kwamba shida bado haijamfikia.

Utaratibu ni huu. Kabla ya kusaini chochote, mwanafunzi amwandikie barua pepe ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake, yule anayesaini fomu yake ya I-20 (hati ya chuo inayobeba visa yake ya uanafunzi), na asubiri jibu la maandishi. Kocha si ofisa huyo. Msaidizi wa kocha si ofisa huyo. Kama kazi inaweza kufanyika akiwa likizo Arusha, picha zikapigwa hapa na yeye akiwa hapa, amweleze ofisa hivyo kwa tarehe. Mkataba wa NIL na mtu wa nje wenye thamani ya dola 600 au zaidi, kama shilingi milioni moja na nusu, lazima uripotiwe ndani ya siku tano za kazi kwenye mfumo wa NIL Go. Kuripoti huko kunamridhisha msimamizi wa michezo tu. Idara ya uhamiaji haihusiki nako. Ikibainika amefanya kazi bila kibali, hadhi yake ya uanafunzi inafutwa kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, I-20 haina kazi tena, ufadhili unakwama, na ombi lake la visa siku za mbele litabeba swali hilo. Kulipa kodi ya hela hiyo hakusafishi kosa.

Kodi inahusu hata asiyepata NIL. Ada na vitabu vya lazima vilivyolipwa na ufadhili havitozwi. Malazi na chakula vinatozwa, na kwa mwenye F-1 makato ya kawaida ni asilimia 14. Malazi na chakula vya dola 12,000 kwa mwaka vinazaa dola 1,680, na chuo kinaweza kuzidai kwenye akaunti ya mwanafunzi, mtoto akadhani ametapeliwa. Malipo ya NIL kwa asiye mkazi hukatwa asilimia 30. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo nafuu wanayopata wanafunzi wa baadhi ya nchi haituhusu. Kila mwaka ajaze fomu 8843, hata kama hakupata senti. Aliye na kipato kinachotozwa ajaze ritani ya 1040-NR, kufikia 15 Aprili kama alikuwa na mshahara, vinginevyo 15 Juni.

Kwa walio bado nyumbani, mambo yanayoharibu sifa huanzia hapa. Kanuni ya muda mrefu ya NCAA imekuwa kwamba zawadi ya fedha kabla ya kujiunga isizidi gharama halisi za kushiriki shindano. Kanuni hiyo imepingwa mahakamani, lakini usitegemee kesi ya mtu mwingine. Ukishinda mbio Moshi au uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tunza tiketi ya basi, risiti ya gesti na risiti ya usajili. Tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti cha RITA, cheti cha NECTA, pasipoti na kumbukumbu za mashindano iwe moja. Ikitofautiana, rekebisha kabla ya kuomba, maana maswali ya umri huwaandama wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Halafu kuna kosa la wenye haraka: kujiunga na chuo cha hapa "wakati nasubiri". Kwa kanuni iliyotumika hadi 2025/26, miaka mitano ya kushindana katika Daraja la Kwanza huanza kuhesabiwa siku unapoanza masomo ya muda wote katika chuo chochote duniani.

Masharti ya visa kwa Watanzania yamekazwa zaidi ya mara moja tangu 2025. Soma tovuti ya ubalozi kabla hujampa wakala hata nauli. Ufadhili unaingia kwenye akaunti ya chuo, kwa hiyo wakala anayedai "asilimia yake ya skolashipu" anadai hela itakayotoka mfukoni mwa mzazi. Ofa halali hutoka idara ya michezo ya chuo chenyewe, ikiambatana na hati ya ufadhili inayotaja kiasi na muda. Anayemtaka mwanao asaini leo hati ya NLI, ile ya kuahidi kujiunga na chuo, mwulize anaipeleka wapi: NCAA iliifuta Oktoba 2024.