Picha ya utupu: unavutiwa na kazi ya mtu, au unainakili?

Mwaka 1914 mahakama moja ya rufaa nchini Marekani iliamua kesi ambayo natamani kila mpiga picha za utupu aijue. Msanii aitwaye Rochlitz alimpiga mwanamke picha akiwa mtupu, akaiita Grace of Youth, kisha haki zote za picha hiyo akamuuzia Gross. Miaka miwili baadaye akamweka mwanamke yule yule katika mkao ule ule, ila safari hii anatabasamu na amebana kikonyo cha cheri kwa meno. Hii akaiita Cherry Ripe, na Gross akashtaki. Majaji walikiri kwamba jicho la msanii litaona tofauti: mandhari ya nyuma hayakuwa yale yale, uso wa kwanza ulikuwa mtulivu na wa pili unatabasamu, mwili umeongeza miaka miwili. Hata hivyo yaliyofanana yaliyazidi mno yaliyotofautiana, na Gross akashinda. Kazi ya Rochlitz ikahesabiwa kuwa nakala haramu ya kazi yake mwenyewe.

Upande wa sheria nitaupita haraka. Kwa ujumla hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotekelezwa, wala si wazo lenyewe, na hakuna anayemiliki mgongo uliopinda au magoti yaliyokunjwa. Mimi nakitazama zaidi kile kikonyo cha cheri. Hadi leo waigaji wengi hufanya hivyo hivyo: wanaichukua picha nzima ya mtu, wanaiongezea kitu kimoja, kitambaa chekundu au tone la maji begani, wakiamini kwamba sasa ni yao. Lakini ukikiondoa kile kilichoongezwa, hakibaki chochote walichokiona kwa macho yao.

Picha inayoigwa kuliko nyingi ni ile ya mpiga picha Mmarekani Edward Weston ya mwaka 1936. Charis Wilson, mpenzi wake na mwanamitindo wake, ameketi mlangoni, jua linamwangukia, ameinamisha kichwa hata uso hauonekani, na mikono imezunguka mguu uliokunjwa. Nimeona matoleo yake yasiyohesabika, na karibu yote yanajitahidi kuupata hata ule weusi wa kivuli kwenye mkono wa kulia. Sasa sikiliza alichokuja kusimulia Charis mwenyewe: Weston hakukipenda kamwe kivuli kile. Naye Charis alikuwa na lake. Hakuridhika na njia ya nywele iliyokwenda kombo, wala na vibanio vilivyokuwa vikionekana.

Hapo ndipo uigaji unapojifichua. Anayeiga hawezi kutenganisha alichokitaka mpiga picha na kilichomponyoka, kwa sababu ameanzia mwisho wa kazi. Weston alikuwa na swali lililomwandama kwa miaka: umbo linaweza kusafishwa kiasi gani hadi litazamwe kama umbo tu? Pilipili hoho aliyoipiga mwaka 1930 ina misuli na mikunjo inayokaribia mwili wa mtu. Ukilichukua swali hilo ukaenda nalo kwa mtu mwingine, chini ya mwanga mwingine, jibu litakuja na sura yake. Ukichukua jibu, umechukua pamoja nalo kivuli ambacho mwenyewe angekiondoa.

Mfano wa msukumo wa kweli ninaoupenda zaidi ni Bill Brandt, mpiga picha wa Uingereza. Karibu mwaka 1930 alifanya kazi kwa miezi kadhaa katika studio ya Man Ray, msanii na mpiga picha Mmarekani, mjini Paris. Man Ray naye alikuwa na deni kwa waliomtangulia: mwaka 1924 aliuchukua mgongo wa mwanamke mwenye kilemba, unaomkumbusha mtazamaji wanawake waogao wa mchoraji Ingres, akauwekea matundu mawili ya fidla, na mwili ukageuka ala. Ingres anaonekana wazi pale, na Man Ray anataka aonekane. Brandt hakuondoka na matundu ya fidla. Alichojifunza, kwa ninavyoziona kazi zake, ni kwamba kamera hailazimiki kutii jicho. Baadaye akapata kamera kuukuu ya mbao ya Kodak yenye lenzi pana sana na tundu dogo, ya aina waliyokuwa wakitumia polisi, akaitumia kupiga picha za utupu ndani ya vyumba. Viungo vilirefuka, kuta zikakimbia mbali. Alieleza kwamba aliacha kupiga alichokiona yeye, akapiga kilichoonwa na kamera. Mwaka 1961 akakitoa kitabu chake cha picha hizo, na humo hutamkuta Man Ray hata ukurasa mmoja, ingawa bila yeye nadhani kisingekuwapo.

Katika kazi yangu, picha ya mwingine ikinigusa naiandika kwa maneno: mwanga umetoka wapi, nini kimekatwa na fremu, mwili umebeba uzito upande gani, kwa nini nimesimama hapo. Kisha naiweka mbali. Studio naingia na maneno tu, na simu yenye picha za mfano haifiki mbele ya mwanamitindo.

Hili nalishikilia sana, na sababu ni yeye. Mkao wa Charis ulitokana na mwili wa Charis, jua lile na mlango ule. Mwanamke mwenye mapaja mafupi zaidi au mgongo mgumu akilazimishwa kuufuata, utaona shingo imekaza na vidole vinatafuta pa kushika. Mtu aliyevua nguo mbele ya kamera yako amekupa imani kubwa. Kumgeuza kijazio cha umbo la mtu mwingine ni kumkosea heshima. Mwambie unachokitafuta, umwache ahame, apumzike, arudi. Akikataa mkao, umekataliwa, na kwamba bingwa fulani aliupiga si hoja.

Je, kunakili kwa makusudi ni vibaya? Kwa mazoezi, hapana. Kuijenga upya picha ya bingwa kivuli kwa kivuli kunafundisha mwanga kuliko mihadhara, na wanafunzi wangu nawahimiza wafanye hivyo, mradi mwanamitindo aambiwe kwamba ni zoezi. Picha za namna hiyo zibaki kwenye daftari la mafunzo. Ikitokea moja ina sababu ya kuonyeshwa, jina la aliyeipiga kwanza liandikwe chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule wa jina lako.