Digrii ya uuguzi, masta ya milki: nani anaruhusiwa, na ukimaliza unaweza kusaini nini

Kila mwaka dirisha la udahili likifunguliwa napigwa swali lilelile, kwenye simu, WhatsApp, hata msibani nimeshawahi kuulizwa tukiwa kwenye foleni ya chakula: "Dokta, mi nimesoma ualimu, eti naweza kufanya masta ya milki?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwahiyo naandika hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Tuanze na neno lenyewe maana wengi wakisikia milki wanafikiria udalali uliovaa tai. Milki ni ardhi na kilichojengwa juu yake, nani ana haki gani pale, ina thamani gani, inaingiza shilingi ngapi na nani anaitunza isije ikaoza. Dalali wa mtaani kwako anajua bei za viwanja kuliko mimi, hilo sibishi hata kidogo, ila mwambie akuandikie kurasa kumi kwanini kiwanja hiki ni milioni 40 na cha jirani yake ni 28, tena maandishi ambayo hakimu au meneja wa benki atayakubali, hapo ndo utaona tofauti.

Jibu fupi la swali ni ndio, unaweza. Uingereza hii ni kitu cha kawaida kabisa, kuna masta za mwaka mmoja zimetengenezwa makusudi kwa waliosoma historia, jiografia, uchumi, chochote, halafu mtu anaenda kufanya kazi chini ya usimamizi kama miezi 24 kabla ya kupimwa na RICS, chama chao cha taaluma ambacho kipo tangu 1868. Kwetu njia iliyozoeleka ni tofauti, mtu anatoka form six moja kwa moja anaenda chuo cha Ardhi pale Survey, Dar es Salaam. Chuo kile kilianza 1956 kama shule ya upimaji, 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la UCLAS, 2007 ndo kikawa Chuo Kikuu Ardhi kinachojitegemea. Kwahiyo bado kuna watu wanakuangalia kwa jicho la pembeni ukisema digrii yako ya kwanza ilikuwa uuguzi.

Kwenye karatasi masharti sio makali. Kwa masta wanataka digrii ya kwanza yenye GPA ya 2.7 kwenda juu, na kama ulisoma nje ya nchi lazima Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) waitambue kwanza hiyo digrii. Kila chuo kina orodha yake ya fani inazozipokea, isome mwenyewe, usimtegemee mtu aliyeomba miaka mitano iliyopita.

Sasa shida inaanza semista ya kwanza. Hesabu zenyewe ni za kawaida tu ila mtu aliyekaa miaka nane bila kugusa asilimia anaziona kama jini. Nikuoneshe mfano ambao natumiaga wiki ya kwanza. Kuna jengo dogo la fleti nne, kila moja inapangishwa laki tano kwa mwezi, mwenye nayo anataka milioni 240. Darasa zima linapiga: laki tano mara nne ni milioni 2, mara miezi 12 ni milioni 24, gawanya kwa 240, asilimia 10, safi sana, nunua! Subiri kwanza. Fleti moja ikikaa tupu miezi mitatu imeondoka milioni 1.5, imebaki 22.5. Toa kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia 10, unabaki na 20.25. Mlinzi laki mbili kwa mwezi ni milioni 2.4 kwa mwaka. Pampu ya maji imekufa, rangi imebabuka, dalali kachukua pango la mwezi mmoja kwa kuleta mpangaji mpya, tuseme vyote vimekula milioni 1.85. Kilichobaki ni milioni 16, yaani asilimia 6.7 hivi. Na kuna hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, ambazo Benki Kuu (BoT) imeziuza miaka ya karibuni kwa riba ya zaidi ya asilimia 12, na hatifungani haina pampu. Hapo darasa linakaa kimya halafu mmoja anauliza swali ninalolisubiri: sasa kwanini watu bado wananunua majengo? Ukianza kulijibu hilo, kupanda kwa thamani ya ardhi, pango linaloweza kuongezwa kila mkataba ukiisha, mkopo unaoweza kuupata kwa kuweka jengo rehani, umeshaanza kusoma milki bila kujua. (Kodi ya jengo nimeiacha kwenye mfano, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na kwa jengo kama hili haibadilishi sana picha.)

Kitu kingine kinachowachanganya wageni ni vitabu. Vingi vimeandikwa Uingereza na vinachukulia kuwa mtu anaweza kumiliki ardhi moja kwa moja milele na milele. Tanzania hakuna hiyo, kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, ardhi ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake, wewe unapewa haki ya kuitumia, na hati za mjini zinakuja za miaka 33, 66 au 99. Kwahiyo jengo zuri lililo kwenye hati iliyobakiza miaka 9 sio sawa na jengo hilohilo kwenye hati iliyobakiza miaka 80, na fomula ya kitabuni usipoigusa itakudanganya. Wanafunzi waliotoka sheria hapa wanatamba sana, ikifika Excel wanaanza kutafuta marafiki.

Na hii ndo hoja yangu hasa, usije na aibu ya ulikotoka. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyetoka benki, ofisa mikopo, miaka sita alikuwa anapokea ripoti za uthamini, zile za kukadiria thamani ya mali, na anaruka mpaka ukurasa wenye tarakimu mbili tu, thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka, basi. Mwezi wa pili wa masomo akaniambia "Dokta kumbe kurasa zote zile za katikati ndo zilikuwa zinaniambia mteja atanisumbua." Mtu wa kilimo naye, chukulia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, km 1,443 na kati ya hizo km 1,147 ziko kwetu, linapita mikoa nane kuanzia Kagera. Kwenye mradi wa hivo fidia sio nyumba tu, kuna migomba, mibuni, miti ya matunda, kuna shamba la mtu anayekula kutoka hapohapo. Anayeweza kutofautisha mbuni unaozaa vizuri na uliochoka anaingia kwenye uthamini wa mazao akiwa mbele ya wenzake waliokulia mjini. Muuguzi je? Hospitali ni jengo lenye matumizi ya ajabu kweli, na aliyefanya zamu za usiku wodini anajua maji yakikatika saa nane nini kinatokea, wasimamizi wa majengo wengi hawajui.

Haya, tuje kwenye kusaini maana hapa ndo watu wanalia baada ya kulipa ada. Masta ya milki HAIKUFANYI kuwa mthamini aliyesajiliwa. Tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, ndo iliyoanzisha Bodi ya Usajili wa Wathamini, na Bodi ndo inayosema nani anaruhusiwa kuandika ripoti ya uthamini na kuweka sahihi yake. Wanaangalia elimu yako, umefanya kazi chini ya nani kwa muda gani, na wana utaratibu wao wa kukupima. Kama digrii ya kwanza ni ya fani nyingine kabisa swali la kwanza litakuwa hilo, na jibu lake halitoki kwangu wala kwa ofisi ya udahili. Andika barua Bodi kabla ya kulipa hata shilingi, waeleze digrii yako ya kwanza na kozi unayotaka kusoma, uliza ukimaliza utaweza kuomba usajili wa ngazi gani, na majibu uyapate kwa maandishi. Ukienda Kenya ni hivohivo, wana sheria yao ya wathamini na bodi yao, na ukija na RICS kutoka London bado nyumbani utapitia Bodi.

Ila sio kila kazi ya milki inahitaji sahihi hiyo, na hili watu wanalisahau. Kusimamia majengo ya kupangisha, kuchambua mikopo ya nyumba, kutafuta wapangaji wa ofisi, kupanga kama kiwanja kijengwe hosteli au maduka, idara za uwekezaji za mifuko ya hifadhi ya jamii, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) ambao wapo kwenye nyumba tangu 1962, huko kote wanataka mtu anayejua kusoma mkataba na kupiga hesabu kama ile ya fleti nne. Kwahiyo kabla hujaniuliza "naingiaje" jiulize unataka ukae kiti gani. Kama ni cha mthamini na digrii yako ya kwanza iko mbali sana, kuna wakati ushauri wangu unakuwa mchungu, ni bora urudi ukasome digrii ya kwanza kuliko kulazimisha masta.

Muda: kwa hapa nyumbani hesabu mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, lakini wanaofanya kazi huwa wanamaliza masomo ya darasani vizuri halafu utafiti unawala mwaka mzima. Dawa ninayoijua ni kuchagua mada iliyo karibu na ofisi yako. Yule dada wa benki alitumia ripoti za benki yake (kwa ruhusa) akamaliza mapema kuliko wote, mwenzake aliyechagua "soko la nyumba Tanzania nzima" alikuwa bado anahangaika kukusanya data wenzie wamevaa majoho. Wanaotaka kwenda nje kwa ufadhili, Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia masta ya mwaka mmoja hukohuko ila wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili hivi, na ukimaliza unarudi nyumbani.

Ukitaka kujipima bure, fanya hivi wikiendi hii. Chagua jengo moja la kupangisha mtaani kwako, waulize wapangaji wanalipa ngapi, muulize dalali linaweza kuuzwa ngapi, toa gharama kama nilivofanya hapo juu. Ukijikuta Jumapili usiku bado unabishana na mtu wako kama mlinzi ahesabiwe au asihesabiwe, njoo tuongelee fomu. Ukija njoo na transkripti na hiyo karatasi ya hesabu, nitaanza na karatasi.