Faru wa Momella na watu wa John Wick

Kazi yangu ni kuhariri filamu na kufundisha vijana kuhariri, hapa Arusha. Jioni nyingine nachagua picha za sinema za zamani na kuwaonyesha wenye hamu nazo, na hapo hakosekani mtu wa kuniuliza kwa nini picha fulani aliyosimuliwa na babu yake haionekani tena popote. Mwulizaji huwa ameshajijibu: watu wa zamani walikuwa wakatili, sisi tumestaarabika. Ningekubaliana naye, kama huyo huyo asingekuwa ametoka kibanda umiza kumwangalia John Wick, yule muuaji wa filamu za Kimarekani, akimaliza watu chumba hadi chumba, mkononi ana chipsi.

Ukatili kwenye skrini haujapungua hata kidogo. Tumebadilisha tu mwili tunaokubali kuuona ukiumia, na picha inayolionyesha hilo kuliko zote ninazozijua ilipigwa hapa hapa kwetu.

Hatari! ya mwongozaji wa Hollywood, Howard Hawks, ilipigwa Momella, chini ya Mlima Meru, kati ya mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1961. John Wayne, Elsa Martinelli na Hardy Krüger wamo kwenye kundi linalokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama. (Krüger alipapenda mahali penyewe hata akanunua shamba huko huko.) Ni dakika 157 za vichekesho, mapenzi, tembo watoto na muziki wa Henry Mancini, na hauawi mtu. Ilipotoka mwaka 1962 ilikuwa picha ya kwenda na watoto.

Leo ndiyo inayowatoa wanafunzi wangu ukumbini. Sehemu yenyewe ni ya faru. Lori linakata nyasi kwa kasi, na mbele kabisa, juu ya tairi, kimefungwa kiti. Aliyekikalia ameshika mti mrefu wenye kitanzi. Faru anakimbia sambamba na gari, anageuka, analigonga kwa pembe, anaondoka tena. Wanamnasa, anajinasua, wanamnasa tena, na Hawks aliliacha tukio hilo lote ndani ya picha. Jicho la mhariri haliwezi kupita hapo bila kusimama. Shoti ni pana na ndefu, na faru, gari na John Wayne wote wamo katika fremu moja. Hakuna pa kudanganyia. Siku hizi ningepewa vipande vya sekunde moja moja, kwato hapa, uso wa mwigizaji pale, faru mwenyewe akaja baadaye kutoka kwenye kompyuta.

Dada mmoja aliniuliza gizani, "Mwalimu, huyo ni wa kweli?" Mzee aliyekaa nyuma yake akaniwahi: "Wa kweli, mwanangu. Miaka hiyo kompyuta ya kumtengeneza ingetoka wapi?" Dada akachukua mkoba wake akatoka.

Sikumlaumu. Mnyama mkubwa akikimbizwa hadi nguvu zimwishie, joto la mwili hupanda, tindikali hujaa kwenye misuli, na misuli yenyewe huanza kuharibika. Anaweza kufa saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye, na ukimkagua ngozi huoni jeraha. Wakati wa Hatari! kumkimbiza mnyama kwa gari ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kumkamata. Mshale wa dawa kali ya kulaza, etorfini, ulikuja kuzoeleka miaka iliyofuata. Kwa hiyo waliopiga picha ile hawakuwa wamebuni ukatili wa kutuburudisha. Walipeleka kamera kwenye kazi iliyokuwa ikifanyika.

Halafu kuna hesabu. Mwaka 1970 faru weusi wa Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000 hivi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ujangili ulikuwa umewashusha hadi kama 2,400. Mtazamaji wa 1962 alimwona mnyama mkorofi aliyejaa porini. Mtu wa Moshi leo, faru aliyewahi kumwona kwa macho, kama amewahi, ni wa Ngorongoro au yule wa Mkomazi kule Same, anayelindwa na askari wenye bunduki ndani ya uzio. Picha ni ile ile, na anayeitazama hawezi kujisahaulisha anachokijua.

Picha nyingine ya enzi hizo, King Solomon's Mines ya 1950, ni ngumu zaidi: mwanzoni kabisa tembo anapigwa risasi akafa kweli, na wenzake wanajaribu kumnyanyua. Iliondoka na tuzo ya Oscar ya upigaji picha.

Sasa tazama damu ya mtu ilivyofichwa miaka hiyo hiyo. Tangu 1934 hadi 1968 Hollywood iliongozwa na kanuni za maadili zilizobana hasa nini kionekane. Mtu alipigwa risasi, akashika kifua, akaanguka, shati halina tundu. Mwaka 1967 Bonnie and Clyde ikavunja mwiko kwa kuwaonyesha mashujaa wake wawili wakitobolewa mwili mzima kwa risasi, polepole, na mhariri wake Dede Allen akiwa amechanganya kasi tofauti za kamera. Wanafunzi wangu wakiiona wanasema mbona kidogo. Farasi nao wana historia yao: katika Jesse James ya 1939 farasi alirushwa kutoka juu ya mwamba mrefu akafa, watu wakakasirika, na kuanzia 1940 chama cha kutetea wanyama cha Marekani kikaanza kusimamia seti za Hollywood.

Usidhani wakaguzi wa filamu walikuwa wakipima damu kwa kijiko. Mara nyingi walichouliza ni nani anampiga nani. Serikali za kikoloni Afrika ziliogopa picha za maharamia na kauboi kwa hofu kwamba mtazamaji mweusi angejifunza mambo. India ilifanya yake kwenye Sholay ya 1975. Wakati kumbi za sinema za Plaza ya Moshi na Metropole ya Arusha zikiwa hai, picha la Kihindi lilikuwa na wenyewe, na wote walijua kwamba steringi hafi. Sholay inamwua Amitabh Bachchan, na wakaguzi hawakuona shida. Walichokataa ni mwisho: Thakur, askari mstaafu aliyekatwa mikono, anamwua Gabbar, jambazi aliyemkata, kwa viatu vya misumari. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa chini ya waziri mkuu Indira Gandhi, na askari wa kujichukulia sheria mkononi hakutakiwa. Ikapigwa upya, polisi wakafika kwa wakati. Mwisho wa kwanza ndio mzuri, nami naushikilia.

Nisiwadanganye kwamba ukatili ndio unaozima picha zote hizi. Nyingi zimepotea kwa sababu za kuchosha: mikanda ya filamu imechakaa, haki za kuonyesha ziko kwa kampuni isiyojibu barua, na kumbi zenye mashine ya kuonyesha mikanda ya milimita 35 zimefungwa.

Hatari! naendelea kuionyesha nzima, bila kukata. Nasema kabla taa hazijazimwa kwamba wanyama mtakaowaona wanakimbizwa kweli, na mwenye mtoto mdogo aamue mwenyewe. Africa Addio ya 1966 siionyeshi. Waitaliano walioipiga walipita juu ya Zanzibar kwa helikopta Januari 1964 wakapiga picha maiti za mapinduzi, na Kongo waliwapiga picha watu wakiuawa mbele ya kamera. Wale maiti wana ndugu, na baadhi ya ndugu hao wanaishi miji hii hii. Wakitaka kuiona, wataomba wao, tuiangalie mlango umefungwa, na mwalimu wa historia awe chumbani.