Cheti, Diploma au Digrii: Kazi Ziko Wapi?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, foleni kwenye ofisi yetu ya ushauri wa kozi hapa Nairobi huanza kabla ya saa mbili asubuhi. Mama mmoja kutoka Kayole aliketi mbele yangu na matokeo ya mwanawe ndani ya karatasi ya plastiki. Gredi ya C. "Mwalimu, kwa hivyo digrii imetupita?" Kijana alikuwa ameinamia viatu vyake.

Nilimpigia hesabu. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, gredi inayofungua mlango wa chuo kikuu. Mwaka huohuo, takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, zinaonyesha nafasi mpya za kazi 782,300, lakini zile rasmi, za mshahara wa kila mwezi, hazikufika hata 80,000. Tisa katika kila kumi zilikuwa za jua kali, yaani zisizo rasmi.

Sisemi digrii haina kazi. Daktari, wakili na mhandisi hawasajiliwi bila hiyo, na mwenye gredi na moyo wa kazi hizo aende. Kinachoniuma ni mzazi kuuza shamba ili alipie kozi iliyochaguliwa kwa sababu jina lake linasikika vizuri kijijini.

Diploma huanzia C-, cheti cha ufundi D, na ngazi ya chini kabisa humpokea hata mwenye E. Tembea Kilimani au Ruaka uhesabu maghorofa yanayojengwa. Kila moja linataka nyaya, mabomba, lifti, pampu za maji na mtu wa kuvitunza miaka yote baadaye.

Ila ujuzi bila karatasi hukwama. Nawajua mafundi wa umeme wanaofunga nyaya za jengo zima, halafu siku ya kutia sahihi cheti cha kukamilisha kazi wanamwita mtu mwingine, kwa kuwa wao hawana leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati. Anayekuja na kalamu tu ndiye anayeondoka na donge nono. Fundi wa aina hiyo halazimiki kurudi darasani miaka miwili. KNQA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia viwango vya vyeti, inasimamia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti.

Yule mama nilimwambia pia kwamba digrii haijamfungia mwanawe. Akimaliza diploma na kufanya vizuri, anaweza kuomba nafasi chuo kikuu, safari hii akiwa na kazi mkononi ya kumsaidia kulipa karo.

Kabla hujalipa chochote, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Uliza mtihani ni wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, au wa TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya ufundi; attachment, yaani mazoezi ya kazini, ni ya miezi mingapi, na wanafunzi wa mwaka jana walipelekwa wapi. Wakianza kukuzungusha, chukua karatasi zako utoke.