Kuongeza chumba kwenye nyumba ya Mji Mkongwe: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kosa ninaloliona kila siku Mji Mkongwe wa Zanzibar ni hili la "ikifanana tu inatosha". Mtu anajenga chumba cha zege upana mita sita, anabandika mlango wa kuchonga na matao mawili, anakwambia si unaona vimefanana. Jamani, kilichozipa nyumba zile umbo sio nakshi, ni boriti za mikoko! Boriti inavuka kama mita tatu hivi basi, ndo maana vyumba ni virefu na vyembamba, na madirisha ya nje nayo yanafuata mpangilio huohuo. Shika kipimo hicho, kuta zako hata zisiwe na ua moja la kuchonga zitakaa na za zamani kama ndugu, kiache uone hizo nakshi zitakusaidia nini. Wala hakuna anayetaka ughushi uzee, Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka kazi mpya ijulikane ni mpya.

Halafu wale wa "ukuta una nusu mita huu, unabeba ghorofa nyingine". Unene sio nguvu. Ndani mle ni mawe ya matumbawe yameshikwa na chokaa, miaka na miaka ya mvua imepita juu yake, sasa wewe unataka kutwika slabu. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la hapahapa Mji Mkongwe, jengo la 1883, Desemba 2020 likaanguka sehemu likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa, na hapo hakuna aliyekuwa kaliongezea ghorofa. Mi naomba kabla ya mchoro wowote aletwe injinia anayezijua kuta za chokaa.

Simenti nayo eti ni bora kuliko chokaa. Kwa ukuta mpya sawa, ila ukiipaka kwenye ule wa zamani unaziba njia ya unyevu, maji na chumvi vinabaki ndani, plasta inatutumka inabanduka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kimyakimya.

Na nondo za kufungia jengo jipya kwenye la zamani "ili vishikane", usikubali. La zamani limeshatulia zamani, jipya bado linashuka kidogokidogo, ukivifunga pamoja ufa lazima utokee na mara nyingi utapasuka upande wa matumbawe. Acha upenyo katikati, sentimita mbili tatu, uuzibe kwa kitu laini maji yasipite, kila jengo lishuke kivyake.