Mashine ya kupulizia salfa isipowaka, soma plagi kwanza

Kila ifikapo Juni, mikorosho inapochipua majani machanga na maua huku Newala, Tandahimba na Masasi, naletewa mashine nyingi za kupulizia salfa ambazo hazina ubovu mkubwa. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri fundi. Salfa ya unga inayouzuia hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, kwa hiyo anayevuta kamba hadi jua likachomoza huwa amekwishaipoteza siku yake. Natamani kila mkulima aweze kuichunguza injini mwenyewe kabla ya kuikimbilia kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa), ambayo wengi huifungua bila sababu na kuiharibu.

Funga choki, yaani kizuizi cha hewa cha kabureta, vuta kamba mara chache, kisha fungua plagi inayotoa cheche ya kuwasha petroli na uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini haiwaki.

Plagi inapokuwa kavu, mimi hushuku kwanza petroli iliyoachwa ndani tangu msimu uliopita. Mashine huwekwa stoo na mafuta yake, na katika miezi hiyo petroli hupotea hewani taratibu, ikiacha utando mzito unaonata na kuziba tundu la jeti (kipande cha kabureta kinachopitisha petroli), ambalo ni jembamba kiasi kwamba hata chembe ndogo hulifunga. Mwaga mafuta yote, osha chujio la tangi, kisha fungua kabureta, loweka jeti katika petroli safi na uipulize. Usiingize waya wala sindano, kwa sababu tundu likipanuka, injini itakunywa mafuta kupita kiasi na dawa yake itakuwa jeti mpya tu.

Plagi iliyolowa ifute, irudishe kwenye kofia ya waya wake, gusisha chuma chake na chuma cha injini, kisha vuta kamba uone cheche. Fanya hivyo mbali na tundu la plagi, maana mvuke wa petroli unaotoka humo hushika moto, na tangi la salfa liwe tupu, kwani salfa nayo huwaka na moshi wake hudhuru mapafu. Cheche isipoonekana, jaribu plagi nyingine. Kwa mashine nyingi nafasi kati ya ncha zake ni milimita 0.6 hadi 0.7. Hiyo nayo ikikataa, kagua waya wa swichi ya kuzimia, ambao ukichubuka na kugusa chuma huua cheche, kabla hujanunua koili, inayozalisha umeme wa cheche.

Plagi nyeusi yenye mafuta mazito huonyesha oili iliyozidi au chujio la hewa lililojaa unga. Injini hizi za mipigo miwili hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli, hivyo fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mashine: kipimo cha 25 kwa 1 ni mililita 40 za oili kwa lita ya petroli, na cha 50 kwa 1 ni mililita 20. Kukadiria kwa macho hakufai, na petroli tupu ni mbaya kuliko yote, kwani huikwaruza pistoni kwa muda mfupi sana.

Ipo hitilafu nyingine inayowasumbua sana wapuliziaji: injini huwaka vizuri, hufanya kazi dakika chache, kisha huzima. Legeza kifuniko cha tangi la petroli. Ikiendelea kuunguruma, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimezibwa na salfa, nawe umepona gharama ya kabureta.

Mafuta yakifika na cheche ikiwepo, lakini kamba inavutika kwa wepesi bila kupata ukinzani wowote, injini haibani tena hewa ndani ya silinda. Kazi hiyo ni ya fundi. Mwombe akuonyeshe ukuta wa silinda kabla hujalipia ringi za pistoni, kwa sababu ringi mpya ndani ya silinda iliyokwaruzika hazitabana.