Gemu za video kwa mwenye Parkinson: tazama bega, si skrini

Mpe mwenye ugonjwa wa Parkinson rimoti ya Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, acheze tenisi, kisha wewe msimamizi uipe skrini mgongo. Tazama bega lake. Mipigo ya mwanzo mkono mzima unatoka nje na kiuno kinageuka nao. Akifika mpigo wa kumi au wa kumi na tano, kiwiko kimeshanata ubavuni na kinachocheza ni kifundo cha mkono peke yake. Pointi nazo zinazidi kupanda.

Hakuna anayedanganya hapo. Rimoti haina habari na bega. Inapima mtikisiko wake yenyewe tu, na kifundo cha mkono kinatosha kuiridhisha. Mgonjwa naye hahisi kwamba mkono umefupika, maana Parkinson hupunguza ukubwa wa mwendo kadiri unavyorudiwa, na papo hapo huvuruga kile kipimo cha ndani kinachomjulisha mtu mkono wake umefika wapi. Kwake yeye bado unatoka wote. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtaalamu wa fiziotherapia katika tiba hii ni kuupanga mchezo ili pointi zisipatikane ila kwa mwendo mkubwa.

Kwa nini basi tutumie gemu? Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, zinapokufa, mienendo ya mazoea kama kutembea, kugeuka na kuinuka kitini haijiendeshi tena. Kiashiria cha nje, iwe mstari wa kuvuka au mlio wa kufuata, huupa ubongo njia nyingine ya kuanzisha mwendo. Gemu imejaa viashiria hivyo, tena humfanya mtu arudie tendo lilelile mara nyingi bila kuhesabu. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2016, yaliyokusanya majaribio 8 yenye watu 263, yalikuta faida ya muda mfupi kwenye urefu wa hatua. Kwenye usawa wa mwili, matokeo yalikaribiana na ya fiziotherapia ya kawaida. Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, watu waliendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani ikiwa imeunganishwa na gemu, dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 6. Dalili zao za mwendo hazikuzidi kama za wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Nionavyo mimi, gemu haimshindi mtaalamu. Inamletea marudio na jasho, basi.

Tukija kwenye vifaa, kamera ya Kinect ni mwafaka zaidi kwa mabega na hatua, kwa kuwa inafuata viungo vya mwili: mkono usipoinuka, taswira ya mchezaji kwenye skrini nayo haiinui mkono. Mchezaji asimame kama mita 2 kutoka kwenye kamera, nguo zisiwe pana, na jua la dirishani lisikipige chumba, maana kamera hiyo hutumia miale ya infraredi na jua huivuruga. Kikwazo kikubwa ni msaidizi. Akisimama nyuma na kumshika mchezaji, kamera huunganisha miili miwili na taswira huanza kurukaruka. Asimame ubavuni, upande ulio dhaifu, umbali wa mkono. Kama mgonjwa hawezi kuachwa bila kushikwa, zima kamera utumie kifaa kingine. Kuhatarisha nyonga kwa ajili ya gemu ni upuuzi.

Ubao wa mizani wa Wii una sensa 4, moja kila kona, na unafaa kwa kuhamisha uzito kushoto na kulia. Uweke kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia nene, na uuwashe kabla mtu hajaupanda. Pande zote mbili ziwe na kitu imara cha kushika, kama vyuma sambamba au viti vizito visivyo na magurudumu. Hatari yenyewe haiko kwenye mchezo, iko kwenye kushuka. Ubao una kimo cha sentimita 5 hivi, na hatua ya kurudi nyuma ndiyo inayowaangusha wenye ugonjwa huu. Acha nafasi ya hatua mbili mbele ya ubao ili ashukie mbele. Miguu ikiganda ukingoni, usimvute. Simamisha gemu, mwambie ahamishe uzito mguu huu na huu mara mbili tatu, kisha atupe hatua moja ndefu.

Panga kipindi kwa saa ya dawa. Kwa wengi, dakika 45 hadi 60 baada ya kumeza levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ndipo mwili unapokuwa mwepesi. Dawa ikizidi nguvu, mwili hujinyonganyonga wenyewe, na hapo usomaji wa ubao hauna maana yoyote. Usiandike kwamba usawa umeharibika. Pima presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, siku hiyo acheze ameketi.

Dakika 5 za kupasha mwili, raundi za dakika 3 hadi 5 zenye mapumziko katikati, jumla dakika 30 zinatosha kuanzia. Chagua gemu inayokuruhusu kupunguza kasi. Nyingi ziliundwa kwa vijana wenye afya: vitu vinaruka pande zote, na ukikosa, skrini inakuzomea. Mgonjwa akishindwa mara tatu mfululizo anaanza kuharakisha, na kuharakisha hufupisha hatua, naye hushindwa zaidi. Punguza kasi mapema. Kazi ya pili, kama kuhesabu kwa sauti huku akicheza, iongezwe tu pale mwendo unapobaki mkubwa hadi mwisho wa raundi.

Kwa mchezo wa tenisi, njia ni rahisi: bandika utepe wa rangi ukutani ubavuni mwake, usawa wa bega, pale ngumi inapofikia mkono ukinyooshwa. Rimoti iwe imefungwa kamba ya kifundo. Mpigo usiofika kwenye utepe hauhesabiwi, hata kama skrini imeutunuku. Pointi za msimamizi ziandikwe kwenye karatasi, na hizo ndizo za kufuatilia wiki hadi wiki.

Dakika 5 za mwisho zima skrini. Mwendo uleule aufanye bila picha wala mlio: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi, huku saa ikihesabu. Rudia kipimo hicho kila wiki mbili, muda uleule tangu saa ya dawa. Kama pointi za gemu zimepanda wiki sita na sekunde hizo hazijapungua, badilisha gemu.